Susu na Vidole vya Maembe

Siku ya kwanza ya kazi Susu alifika Tseikuru amevaa viatu vya shule, kwa sababu hakuwa na vingine. Barua ya kuripoti alikuwa ameikunja akaiweka ndani ya soksi isipotee njiani, na alipoitoa mbele ya mkubwa wake ilikuwa imelowa jasho hadi muhuri umeacha rangi mguuni. Mkubwa aliisoma akiwa ameishika pembeni kwa vidole viwili.

"Wewe ndiye maabara?" akamuuliza.

Susu akasema ndiye. Akapewa ufunguo.

Susu ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikamba. Mimi niko kidato cha tatu na si mtu wa kuongea sana. Hata darasani nikijua jibu huwa nanyamaza mpaka mwingine aseme. Lakini likizo hii, saa nane mchana jua likiwa kali hata kuku wamejificha, mimi na Susu tunalala kwenye mkeka barazani, yeye anaangalia mabati na kuongea polepole, nami naandika. Nataka wenzangu wajue kazi ya maabara ilivyokuwa kabla ya mashine, na ilivyobadilika. Lakini hasa nataka kueleza ile siku ya Matiliku, mwaka wa mwisho kabla Susu hajastaafu, tulipokaribia kumpoteza dada yake, Nyanya Mbatha.

Maabara ya Tseikuru ilikuwa chumba kimoja, meza ya saruji na dirisha moja. Nje ya dirisha walipita mbuzi, na siku nyingine ngamia, kichwa tu kikipita kama mtu mrefu anayechungulia. Hakukuwa na stima. Hadubini, yaani kile chombo cha kukuza vitu vidogo, ilikuwa na kioo chini yake, na kazi ya kwanza asubuhi ilikuwa kukigeuza hicho kioo mpaka kishike jua. Susu anasema alikuwa anachukua jua la Tseikuru na kuliingiza ndani ya damu ya mtu. Ukiweka jicho, unaona duara lenye mwanga, na ndani yake chembe za damu zimetulia kama mawe chini ya maji safi. Anasema alikuwa anasahau njaa. Wingu likipita, duara linazimika, naye anainua kichwa na kushangaa kwamba bado yuko duniani.

Kupima malaria, unadunga kidole, unaweka tone la damu kwenye slaidi, kile kipande chembamba cha kioo, unaacha likauke, halafu unalipaka rangi iliyochanganywa na maji. Vijidudu vya malaria vinashika hiyo rangi na kuonekana kama vipete vidogo vya zambarau. Wiki ya kwanza Susu hakuona kipete hata kimoja. Wiki ya pili vilevile. Mkubwa wake, Ofisa wa Kliniki, ambaye hakuwahi kuvua kofia hata akidunga mtu sindano, alikuja akasimama mlangoni.

"Binti, mbona siku hizi Tseikuru hakuna malaria? Tumeombewa na kanisa gani?"

"Sioni kitu, daktari."

"Maji ya kuchanganya hiyo rangi unatoa wapi?"

"Pale boholi, kisima cha pampu, daktari."

"Umeyaonja?"

Susu alikuwa hajayaonja. Alitumwa akalete kikombe, akanywa mbele yake, na uso ukakunjamana. Maji yale yalikuwa ya chumvi kabisa, na rangi ile haitaki chumvi, ikikutana nayo vijidudu havishiki chochote. Mkubwa alicheka hadi kofia ikasogea. "Hayo ni ya mbuzi," akasema. "Tafuta ya mvua. Na hao wote uliowaambia wako sawa, waite tena." Susu alitembea siku mbili akiwatafuta. Wawili walikuwa na malaria, na wote wawili walipata dawa. Tangu hapo akawa na tabia moja: kabla ya kuuliza mtu anaumwa nini, anauliza kwanza hiyo damu au huo mkojo umefikaje mezani.

Baada ya miaka minne alihamishiwa Mwingi. Huko Mkuu wa Maabara alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye familia yake ilitoka Pwani zamani ikafungua duka mjini. Alivaa koti jeupe lililopigwa pasi, na Kiswahili chake Susu alikuwa anakisikiliza kama redio. "Bibi, wacha pupa," alikuwa anamwambia. "Damu haina haraka, wewe haraka ya nini?"

Huyo ndiye aliyemfundisha kupima sukari kwa moto. Unachukua kemikali ya bluu kwenye neli ya kioo, unatia matone manane ya mkojo, unachemsha. Ikibaki bluu, hakuna sukari. Ikiwa kijani, ipo kidogo. Halafu kuna manjano, halafu machungwa, halafu rangi ya tofali. Susu akinieleza hizo rangi hufumba macho, na mimi nikifumba yangu naziona zikipanda moja baada ya nyingine ndani ya neli, kama jua linapochomoza. Siku ile neli ilipofika tofali, Mkuu wa Maabara aliita kila mtu, hata mpishi wa hospitali.

"Njooni muone. Haya ni maradhi ya wakubwa. Chifu, mwalimu mkuu, mwenye lori. Wewe na mimi, bibi, hatuyapati. Uwezo wa kuyapata tutautoa wapi?"

Wote wakacheka. Neli moja kama hiyo kwa miezi, na watu wanakuja kuiangalia.

Susu anasema hakuona mabadiliko yakija. Hakuna siku ambayo mtu angesema, leo ndiyo. Alikuwa amehamia Makueni, kwanza Mukuyuni, halafu Matiliku, na kila asubuhi alipita sokoni. Kwanza aliona pikipiki moja, halafu kumi, na watu waliokuwa wanatembea kwa miguu kutoka vijijini wakawa wanashuka wakiwa wamekauka, bila jasho. Muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa tuliyokuwa tukila na kunde, ikawa chakula cha wageni wanaotaka vya kizamani. Chapati ikatoka kuwa ya Krismasi ikawa ya Jumanne. Mahali palipokuwa na muuza viazi vitamu pakawa na muuza chipsi. Kwenye rejista ya maabara, kitabu kikubwa ambacho kila kipimo huandikwa, malaria ikapungua na kichocho kikapungua, na neno sukari likaanza kujirudia mpaka wakaacha kuliandika lote, wakaweka herufi tu.

Na vyombo vikabadilika. Malaria ikawa kadi ndogo yenye mistari, unaweka tone na unasubiri. Chembe za damu, ambazo Susu alizihesabu kwa jicho huku akibonyeza kihesabio kwa kidole gumba, zikahesabiwa na mashine ya ukubwa wa friji ndogo inayotoa karatasi yenyewe. Sukari ikawa mashine inayotosha kiganjani, na stripu, kijiti chembamba kinachonyonya tone la damu, na baada ya sekunde tano namba inatokea. Hadubini iliwekwa kwenye kona na kufunikwa kitambaa. Susu hakuzichukia mashine. Anasema ukweli, alifurahia, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuona ukungu, na alidhani ni kwa sababu ya miaka mingi ya kuchungulia. Lakini hakukuwa tena na saa ile ya kusahau njaa. Alikosa hiyo.

Sasa Nyanya Mbatha. Ni mdogo wa Susu kwa miaka mitano, mwembamba, mwepesi wa mdomo. Msimu wa maembe yeye na wanawake wengine hukaa kwenye banda nje ya Matiliku wakimenya maembe ya kukausha. Wanamenya kuanzia alfajiri, na maji ya embe yanatiririka hadi kwenye kiwiko. Maji ya kawaida huko yananunuliwa kwa mtungi, kwa hivyo mikono inasuuzwa kwenye beseni moja, na kufikia saa nne maji ya hilo beseni yenyewe ni juisi.

Msimu huo watu wa kambi ya matibabu walikuja na hema na mashine za sukari, wakawapima wanawake hapohapo bandani ili wasiache kazi. Nyanya Mbatha alikuja kwa Susu jioni hiyo na pakiti ya tembe, karibu anajivunia.

"Dada, mimi pia nina sukari. Kumi na saba."

Kabla ya kula, mtu mzima wa kawaida huwa nne, tano, sita hivi. Susu alimwangalia. "Wewe? Unatembea kilima kile mara mbili kwa siku, na mwili wako ni kama kijiti. Walikupima mkojo?"

"Mkojo ni mambo yenu ya zamani. Hiyo ni mashine. Haina macho mazee, na haina wivu."

"Wivu wa ugonjwa?"

"Wewe hukutaka mimi niwe na kitu hata mara moja."

Wakacheka wote wawili, lakini Susu alikosea hapo, na yeye mwenyewe anasema hivyo. Alikuwa amechoka, miguu inamuuma, akasema atampima vizuri wiki ijayo. Wiki ijayo ikapita. Nyanya Mbatha alimeza tembe zake asubuhi na jioni kama alivyoambiwa, na akaacha uji kwa sababu aliambiwa apunguze wanga. Alianguka mara moja bandani. Wenzake wakasema ndiyo hiyo sukari.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Pikipiki iliingia mpaka kwenye mlango wa kituo cha afya, Nyanya Mbatha akiwa katikati ya mwendeshaji na mwanamke mwingine, kichwa kimelala mgongoni mwa mwendeshaji. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye kumenya. Walimweka kwenye kitanda cha chumba cha dharura, na Ndinda, mtaalamu mwenzake Susu, msichana mwenye digrii na mkono mwepesi, akaja na mashine. Akapangusa kidole kwa pamba yenye spiriti, akadunga, akasubiri.

"Kumi na tisa," Ndinda akasema.

Ofisa wa Kliniki wa Matiliku alikuwa kijana makini. Susu hasemi vibaya juu yake. "Bado iko juu na anatumia dawa," akasema. "Tumwanzishie insulini sasa hivi, na gari lijiandae." Insulini ni ile dawa ya sindano inayoshusha sukari kwa haraka. Muuguzi akafungua kabati.

Susu alikuwa amesimama upande wa kichwa. Anasema wakati ule kila kitu kilikuwa mbali, kama kinapita nyuma ya kioo. Aliona dada yake anatoka jasho, na jasho lilikuwa la baridi. Aliona midomo inatetemeka. Alimwita jina, naye akajibu jina la mama yao, aliyekufa zamani. Mtu mwenye sukari nyingi huwa mkavu, ana kiu, anapumua kwa nguvu. Huyu alikuwa kama mtu mwenye njaa ya siku tatu. Halafu Susu akainama kumpangusa uso na akasikia harufu. Mkono wa Nyanya Mbatha ulikuwa unanuka embe, na kidole kilipogusa shavu la Susu kilinata.

"Ngoja," Susu akasema. "Msimdunge."

"Mama, hatuna wakati," Ofisa wa Kliniki akasema.

"Dakika moja. Ndinda, leta maji na sabuni."

"Nimepangusa na spiriti," Ndinda akasema, ameumia kidogo.

"Spiriti inaua vijidudu. Embe, inalitandaza tu."

Muuguzi alikuwa tayari amevuta dawa kwenye sindano. Susu hakusubiri mtu akubali. Aliosha mkono wa dada yake kwenye bakuli, kidole kwa kidole, chini ya kucha, akaosha tena, akaukausha kwa kitambaa safi. Alijua kwamba kama amekosea, dakika anazopoteza ni za Mbatha. Akadunga kidole kingine. Sekunde tano. Anasema alisikia mbuzi nje, na mtu anacheka sokoni, na sekunde haziishi.

Mbili nukta tatu.

Muuguzi alirudisha sindano kwenye trei polepole sana, kama kitu kinachoweza kulipuka. Mtu wa mbili nukta tatu ukimdunga insulini, humwamshi tena. Ofisa wa Kliniki ndiye aliyekimbia kuleta dripu ya glukosi, na mkono wake ndio uliotafuta mshipa. Tembe zilikuwa zinashusha sukari ya mtu asiyekuwa na sukari, tena asiyekula hata uji. Kilichosomwa kambini, na kilichosomwa asubuhi ile, kilikuwa embe.

Baada ya kama robo saa Nyanya Mbatha alifungua macho, akaangalia watu wote waliomzunguka, akauliza, "Nani amenilowesha nguo?"

Susu alitoka nje akalia nyuma ya tangi la maji, halafu akarudi.

Jioni, wanawake wa banda wakiwa wameitwa wote waje wapimwe upya, Nyanya Mbatha alikuwa ameketi kitandani anakunywa chai na bado hajaamini. "Kwa hivyo mashine ni mwongo?"

"Mashine si mwongo. Ilisema kilichokuwa kwenye kidole."

"Na nitajuaje hii ya pili ndiyo ukweli? Umeniosha kama mtoto, ukapata namba unayotaka. Jipime na wewe basi, tuone."

"Mimi nina nini?"

"Si unasema ukiosha inasema ukweli? Osha. Ama unaogopa kudungwa, daktari mzima?"

Ndinda akacheka. Susu akaosha mikono kwa sabuni, akakausha, akanyoosha kidole. Miaka yote hiyo alikuwa amedunga vidole vya watu na hakuwahi kuuliza kinauma vipi. Ndinda akadunga. Susu alikuwa anamwangalia dada yake, amekunja uso kwa kejeli, anasubiri tano.

Ndinda hakusoma namba. Alisema tu, "Mama, turudie."

Wakaosha tena. Mkono mwingine, stripu nyingine. Susu akaichukua mashine mwenyewe. Kumi na sita nukta moja. Alikuwa hajagusa embe siku hiyo wala wiki hiyo. Alisimama pale, na anasema vitu vikaanza kujipanga polepole vyenyewe: ule ukungu wa macho, ile kiu aliyosema ni vumbi la Matiliku, miguu inayowaka, vile alivyokuwa anaamka kwenda choo. Chai nne kwa siku kwenye kiti kilekile. Pikipiki kutoka nyumbani hadi kazini, umbali ambao alipokuwa msichana asingeuita safari.

"Wuui," Nyanya Mbatha akasema, na sasa hakuwa anatania. "Dada. Kaa chini."

Susu hakukaa. Alienda kwenye rejista, akaandika tarehe, akaandika jina lake lote, umri, kipimo, namba, na kwenye safu ya mwisho, pale mtaalamu anapoweka sahihi kuonyesha anaamini matokeo, akaweka sahihi yake. Ndinda alimwambia angeweza kuiandika yeye. Susu akasema hapana. Halafu akatoka akaketi kwenye benchi la wagonjwa, kati ya mwanamke mwenye mtoto wa kikohozi na mzee mwenye bandeji, akasubiri aitwe na Ofisa wa Kliniki. Hakuwa amewahi kuketi pale. Anasema benchi hilo ni fupi kuliko linavyoonekana kutoka dirishani, na linatazama ukuta.

Baadaye alipimwa kwenye hospitali kubwa kile kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu nyuma, na kikasema vilevile. Alistaafu mwaka uliofuata kama ilivyopangwa, akapewa blanketi na keki ambayo hakuila. Sasa anameza tembe ambazo kweli ni zake. Asubuhi anatembea na Nyanya Mbatha mpaka darajani na kurudi, wakigombana njia nzima. Mashine yake inatuma namba kwenye simu, na kliniki inaziona bila yeye kwenda. Anasema hilo lingemfanya Mkuu wa Maabara wa Mwingi avue koti lake na kukaa chini. Haoni vibaya kwamba vitu vimebadilika. Anasema watoto wa siku hizi watapona magonjwa ambayo yeye aliyaandika tu kwenye kitabu, na watapata mengine ambayo yeye hakuyajua.

Jana nilimuuliza kitu nilichokuwa naogopa kuuliza. Nikamuuliza kama aliogopa pale kwenye benchi.

Akasema kuogopa kulikuja baadaye. Pale, alipoitwa ndani, Ofisa wa Kliniki alimweleza kila kitu kwa upole sana, maneno yaleyale ambayo yeye Susu amewaambia watu miaka yote, kwa sauti ileile. Alisikia kama neno moja kati ya kumi. Na yule kijana alipomaliza, Susu akasikia mdomo wake mwenyewe unasema, "Asante, daktari."

"Wote walikuwa wananiambia hivyo," Susu akasema. "Kila mtu. Nawapa karatasi mbaya, wanasema asante. Nilidhani wameelewa."